Sare Iamuliwe Kabla ya Mechi



Katika kabati la vioo lililo karibu na mlango wa chumba chetu cha kulia kimo kikombe kidogo cha sataranji, mchezo ambao wengi wetu twauita chesi. Ni kikombe cha mashindano ya mabweni, na muhula uliopita mimi ndimi niliyekipokea mbele ya shule nzima. Tangu siku ile wadogo zetu wa kidato cha kwanza huniita "Bingwa wa Samaki." Mgeni akisikia jina hilo hudhani nimepewa kwa sababu tuko hapa Ggaba, ambako mitumbwi huleta sato na sangara mwaloni. Sivyo. Jina hilo nimelipata kwa sababu ubingwa wangu uliamuliwa kwa sarafu ya shilingi 200, ambayo upande mmoja ina picha ya samaki na upande wa pili ina nembo ya taifa.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyokuwa, hata kama maelezo yenyewe hayanipi sifa.

Mechi yetu ya mwisho ilikuwa ya michezo minne. Mchezo wa kwanza nilishinda, wa pili nikashindwa, wa tatu tukaenda sare. Katika mchezo wa nne nilikuwa mbele kwa askari mmoja, na ngome yangu ilikuwa imeshika mahali pazuri. Ningaliweza kuendelea. Lakini niliogopa kukosea, nikasema moyoni: "Nikishindwa sasa nimepoteza kila kitu. Tukienda sare, nani ajuaye?" Basi nikamtaka mwenzangu sare. Yeye alikuwa katika shida, akakubali upesi. Pointi zikawa mbili kwa mbili. Ndipo ilipogunduliwa kwamba hakuna mtu aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Kengele ya chakula ilikuwa imekwisha kulia, meza zilikuwa zikitakiwa, na mwalimu msimamizi akatoa sarafu mfukoni. Nilisema samaki. Ikaanguka, samaki akiwa juu.

Simlaumu mwalimu. Alikuwa na dakika mbili tu za kufikiri, akafanya alichoweza. Ninalolaumu ni kwamba dakika hizo mbili zilikuja mwisho wa mechi, na zingalikuja mwanzo wake. Mawazo yangu ni haya: sare si ubaya, ila mechi ya ubingwa isianze kabla kila mchezaji hajajua sare itamfaa nani.

Kwanza yafaa tukumbushane sare hutokea vipi, maana wako wenzetu wasiocheza. Katika sataranji mchezaji huweza kukosa mwendo wowote halali bila ya mfalme wake kuwa ametishwa. Hapo mchezo umekwisha sare. Hali ileile ikirudi ubaoni mara tatu, mchezaji aweza kudai sare. Ikipita miendo hamsini ya kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea, aweza kudai vilevile. Na pengine wachezaji wote wawili hupatana tu, wakapeana mikono. Kila mmoja hupata nusu pointi.

Hapa Buganda tunao mweso, na wazee huucheza vivulini wakati wa jua kali. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64. Mchezaji asiyebaki hata na shimo moja lenye kete mbili hana mwendo, naye ameshindwa. Kwa hiyo sare katika mweso ni kitu adimu. Kwa sababu hiyo mzee mmoja aliyetutazama siku moja alituuliza: "Mmekaa saa mbili, na hakuna aliyeshinda? Mlikuwa mkifanya nini?" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na haki ya kujibiwa. Jibu ni kwamba wachezaji wawili hodari, wakicheza bila kosa kubwa, mara nyingi hawashindani nguvu. Sare ya namna hiyo ni heshima. Mtu aliyekuwa amezidiwa, akajitetea kwa akili mpaka akaokoka, amestahili nusu pointi yake.

Shida yaja pale panapotakiwa bingwa mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kikombe hakikatwi vipande viwili. Nimesoma habari za mechi za ubingwa wa dunia, nikaona kwamba wakubwa nao wamehangaika na shida hii kwa muda wa miaka mia moja. Wamejaribu njia nne.

Njia ya kwanza ni kutohesabu sare kabisa: wacheze tu mpaka mmoja ashinde michezo sita. Mwaka 1927, mjini Buenos Aires, Alekhine alimshinda Capablanca kwa njia hiyo. Ilichukua michezo 34, na 25 kati yake ilikuwa sare. Huo ulikuwa mwendo mrefu, lakini ulifika mwisho. Mwaka 1984, mjini Moscow, haukufika. Karpov na Kasparov walianza mwezi wa Septemba. Karpov alishinda michezo minne katika tisa ya kwanza, watu wakadhani kazi imekwisha. Kisha zikafuata sare 17 mfululizo. Baada ya michezo 48 Karpov alikuwa na ushindi mara tano, Kasparov mara tatu, na sare zilikuwa 40. Mwezi wa Februari 1985 Rais wa chama cha dunia, FIDE, Bwana Campomanes, aliisimamisha mechi bila mshindi. Wote wawili walikuwa wamekaa ubaoni miezi mitano. Sisi wenye kengele ya chakula hatuwezi hata kuifikiria njia hiyo.

Njia ya pili ni kwamba pointi zikilingana, bingwa wa zamani abaki na taji lake. Botvinnik alibaki bingwa hivyo mwaka 1951, alipokwenda 12 kwa 12 na Bronstein, na tena mwaka 1954 alipokwenda 12 kwa 12 na Smyslov. Kasparov alifanya vivyo hivyo huko Seville mwaka 1987, na Kramnik huko Brissago mwaka 2004. Njia hii ina jambo moja zuri: tangu asubuhi ya kwanza kila mtu ajua sare inamfaa nani. Lakini ina dosari. Mshindani aanza akiwa nyuma hatua moja, na hatua hiyo hakuipoteza ubaoni.

Njia ya tatu ni bahati. Mwaka 1983, huko Velden katika nchi ya Austria, Smyslov na Hübner walikuwa wakiwania nafasi ya kuendelea katika safari ya kumtafuta mshindani wa bingwa. Walicheza michezo kumi, wakaongeza minne, na bado walikuwa sawa. Wakapelekwa kwenye gurudumu la kamari, mpira ukamchagua Smyslov. Mpira wa miguu nao umepitia aibu hiyo. Mwaka 1968, katika nusu fainali ya Ulaya mjini Naples, Italia na Umoja wa Kisovyeti hawakufungana, na sarafu ikaipeleka Italia kwenye fainali. Italia ikatwaa kikombe. Basi ninao wenzangu! Lakini sioni fahari kuwamo katika kundi hilo.

Baadaye mpira ukachagua mikwaju ya penalti. Sisi Waganda twajua uchungu wake. Oktoba 2012, katika uwanja wa Namboole, timu yetu ya taifa iliifunga Zambia bao moja kwa bila. Zambia ilikuwa imeshinda bao moja kwa bila kwao, hivyo wakawa sawa, na Zambia ikashinda kwa penalti 9 kwa 8. Tulikosa kwenda Kombe la Afrika la mwaka 2013. Tulilia, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba kanuni ilitungwa usiku ule. Kila mchezaji aliijua kabla hajafunga viatu vyake.

Njia ya nne ndiyo inayotumika katika mechi za ubingwa wa dunia siku hizi, nayo yafanana na penalti. Pointi zikilingana baada ya michezo mirefu, wachezaji hucheza michezo michache ya mwendo wa haraka, na kama bado wako sawa, mifupi zaidi. Tangu mwaka 2006 mechi tano za ubingwa zimeamuliwa hivyo: Kramnik na Topalov mwaka 2006, Anand na Gelfand mwaka 2012, Carlsen na Karjakin mwaka 2016, Carlsen na Caruana mwaka 2018, na Ding na Nepomniachtchi mwaka 2023.

Wenzangu wengi katika chama chetu wapenda njia hii, nami niliipenda pia. Hakuna sarafu, na mshindi apatikana ubaoni. Lakini hebu tutazame yaliyotokea London mwezi wa Novemba 2018. Carlsen na Caruana walicheza michezo mirefu kumi na miwili, na yote kumi na miwili ikawa sare. Haijapata kutokea hivyo katika mechi nyingine ya ubingwa wa dunia. Katika mchezo wa kumi na mbili Carlsen alikuwa na hali nzuri zaidi, na muda mwingi zaidi katika saa yake. Alipofika mwendo wa 31 alitaka sare, Caruana akakubali. Watazamaji walishangaa. Kwa nini mtu mwenye nguvu aache vita? Kwa sababu alijua kwamba katika mwendo wa haraka yeye ni hodari kuliko mwenzake. Na kweli, alishinda michezo yote mitatu ya haraka. Miaka miwili kabla ya hapo, mjini New York, mchezo wa mwisho wa Carlsen na Karjakin ulikuwa umekwisha kwa sare ya miendo 30, uliochezwa kwa muda wa nusu saa na kidogo tu.

Niliposoma habari za London nilijiona mimi mwenyewe. Mimi si Carlsen, wala sitakuwa. Lakini tulifanya jambo moja: tuliacha mchezo ambao tungaliweza kuushinda, kwa sababu jambo lingine lilikuwa likitungoja mbele. Yeye alingojewa na michezo ya haraka, nami na sarafu. Sikuwa mwoga kwa tabia, naomba mniamini. Ila sare haikumdhuru mtu yeyote siku ile, si mimi wala mwenzangu. Na pale ambapo sare haimdhuru mtu, wote wawili wataitaka.

Kwa hiyo natoa shauri, na si mimi wa kwanza kulitoa duniani: michezo ya haraka ichezwe kabla ya mechi, isiwe baada yake. Atakayeshinda michezo hiyo ndiye atakayechukua kikombe ikiwa mechi yenyewe itakwisha pointi sawasawa. Kisha mechi ianze. Tangu mwendo wa kwanza mmoja ajua kwamba sare humpeleka karibu na kikombe, na mwingine ajua kwamba hana budi kushinda angalau mchezo mmoja zaidi ya mwenzake. Siku zote yuko mtu mmoja ambaye sare haimtoshi, na mtu huyo atashambulia.

Najua mtasema: "Basi yule aliyeshinda ya haraka atajifungia ndani kama kobe, na tutatazama sare mpaka tulale." Hofu hiyo ina maana, lakini hesabu za zamani hazikubaliani nayo. Katika mechi za 1951 na 1954 bingwa alihitaji kulingana tu. Je, zilikuwa za usingizi? Mwaka 1951 kila mmoja alishinda mara tano, sare zikawa 14. Mwaka 1954 kila mmoja alishinda mara saba, sare zikawa 10. Katika michezo 48 ya mechi hizo mbili, 24 ilikuwa na mshindi. Nusu kamili! Ilinganisheni na kumi na miwili ya London. Kweli wachezaji wa leo hukosea kidogo kuliko wale, maana wamefundishwa na mashine, wala sisemi kwamba kanuni peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Lakini si kweli kwamba mwenye faida ya sare hulala. Huko Seville mwaka 1987 Kasparov alishindwa mchezo wa 23, ikambidi ashinde wa 24, ambao ulikuwa wa mwisho, ili alingane na Karpov. Akaushinda. Kramnik naye alihitaji kushinda mchezo wa mwisho mwaka 2004, akashinda. Mechi kama hizo hatuzisahau, kwa sababu kila mtu ukumbini alijua kila matokeo yana maana gani.

Wengine watasema si haki mchezo wa haraka umpe mtu faida katika mchezo mrefu. Nami nakubali kwamba michezo hii miwili si kitu kimoja. Mwendo wa haraka hutaka jicho jepesi, mwendo mrefu hutaka subira. Lakini leo mchezo wa haraka hutoa taji lenyewe, tena baada ya kazi yote ya subira kwisha. Katika shauri langu hutoa faida ndogo tu, na aliyeshindwa anayo mechi nzima mbele yake ya kuifuta. Ni afadhali kupewa mzigo mdogo asubuhi, wakati una nguvu, kuliko kupewa mzigo mkubwa jioni.

Tena yuko atakayesema: "Mbona twajisumbua? Shule yetu ni ndogo." Ndugu, Katwe si mbali na hapa. Phiona Mutesi alijifunza mchezo huu huko katika mtaa wa watu maskini, akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji, na filamu juu ya maisha yake ikatolewa mwaka 2016. Shule nyingi za Uganda hukutana katika mashindano yenye jina la Padri Grimes. Mtoto anayejifunza ubaoni hapa Ggaba leo aweza kukaa mbele ya wageni kesho. Huko atakuta kanuni zimeandikwa, na atatakiwa kuzijua. Afadhali azoee nyumbani.

Basi kwa mashindano ya mabweni ya muhula huu naomba chama chetu kikubali mambo manne. Kwanza, mechi ya mwisho iwe ya michezo sita, miwili kila Jumamosi kwa Jumamosi tatu, ianze mapema mchana ili kengele isitukute. Pili, siku ya Ijumaa kabla ya mechi ichezwe michezo miwili ya haraka, kila mchezaji akiwa na dakika kumi. Wakilingana, wacheze miwili mingine ya dakika tano. Wakilingana tena, wacheze mmoja wa mwisho: mweupe apewe dakika tano na mweusi nne, lakini sare ihesabiwe kuwa ni ushindi wa mweusi. Tatu, kura ipigwe kwa kuchagua rangi tu, kamwe isiwe kwa kuchagua bingwa. Nne, matokeo ya Ijumaa yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kabla ya mchezo wa kwanza wa Jumamosi, ili hata mtoto wa kidato cha kwanza aweze kusoma sare itamfaa nani.

Jambo hili halina gharama. Saa tunazo mbili, nazo zatosha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu tumekwisha kuuona muhula uliopita, na watu sabini waliuona pamoja nami, sahani zao zikiwa mikononi.

Neno la mwisho ni la kikombe chenyewe. Nimekwisha kuzungumza na mwenzangu wa bweni la pili. Hakuninunia hata siku moja, na jambo hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ikiwa chama kitakubali kanuni hizi, nitakitoa kikombe kabatini, nitakiweka mezani kati yetu, na mechi yetu tutaicheza upya tangu mwanzo, mbele ya mtu yeyote atakayependa kutazama. Nikishindwa, jina la bweni letu lifutwe. Nikishinda, wadogo zangu watafute jina jingine la kuniita.

Mimi, mwanachama wa Chama cha Sataranji,
Kidato cha Tano.